Mtupo Niliouongeza

Kindu, mtaa wa Kasuku
Ijumaa, saa nane ya mchana

Mwavita mwanangu,

Umevuka mto asubuhi kwenda Alunguli kuwaaga shangazi zako, na mama yako yuko sokoni anatafuta samaki mkavu wa kukufungia kwa safari. Nyumba iko kimya. Nimefunga karakana mapema, nimeosha mikono mara tatu, na bado karatasi hii inashika alama za mafuta ya mnyororo. Utanisamehe. Kama ingekuwa safi ungedhani barua imeandikwa na mtu mwingine.

Treni ya Lubumbashi inaondoka kesho, ikipenda. Mambo ya kuchemsha maji, ya kufunga sanduku kwa kamba, ya kutomwachia mtu usiyemjua mzigo wako stesheni, mama yako ameyasema yote na shangazi zako nadhani wanayarudia sasa hivi. Mimi sina la kuongeza hapo. Nina jambo moja tu, nalo limekaa kati yangu na wewe miaka mitano. Unalijua. Nami najua kwamba unalijua. Tumelizunguka kama watu wanavyozunguka dimbwi la mvua uani, kila mmoja akijifanya hakuliona.

Nitaanza mbali kidogo, maana nikianza karibu nitakimbia.

Ulikuwa na miaka minane siku Mwalimu Pita alipoisukuma baiskeli yake mpaka mbele ya karakana, gurudumu la nyuma limetoboka. Kijana wa Kizungu, mrefu, aliyekuja kufundisha hesabu shule ya sekondari. Kiswahili chake kilikuwa cha kitabuni, kila neno limepigwa pasi. Nyuma ya baiskeli alikuwa amefunga mfuko, na ndani ya mfuko mlikuwa na sahani za plastiki, nyekundu, za njano, za buluu, bapa kabisa, ukingo umekunjwa kidogo upande wa chini.

Nikamwuliza, "Mwalimu, sahani hizi hazina tumbo. Mchuzi unakaa wapi?"

Alicheka mpaka akashika nguzo ya kibanda. Akachukua ile nyekundu, akajipinda kiuno, akaiachia. Ikaenda juu ya barabara imelala kama kipanga asiyepiga mbawa, ikapinda kushoto yenyewe, ikatua katika beseni la mandazi la Mama Zaina, jirani yetu. Mama Zaina akasimama. "Nani anatuma sahani bila kutia chakula?" Barabara nzima ilicheka. Wewe ulikimbia kuileta, ukaishika kwa mikono miwili kama yai.

Wakati nabandika kiraka, mwalimu akanieleza. Kwao, alisema, watu wameanza kucheza hivi katika bustani za mitaa. Mnasimika nguzo, kila nguzo ina kikapu. Unatupa sahani kutoka mahali pa kuanzia, unaifuata ilipoangukia, unatupa tena kutoka hapo, mpaka iingie kikapuni. Halafu mnakwenda kikapu kinachofuata. Mwenye mitupo michache ndiye mshindi. Hakuna mbio wala kuvunjana miguu. Alitaka kuuweka mchezo huo katika bustani yetu, ile iliyokuwa na viti vya saruji vya zamani na majani tuliyokuwa tunayakata sisi wenyewe kila Jumamosi katika Salongo, kazi ya lazima ya mtaa. Alichokosa ni vikapu.

Mimi nilikuwa na rundo la rimu zilizokufa nyuma ya kibanda. Nikatengeneza tisa. Nguzo ya mti mgumu, rimu imelazwa juu yake, na kutoka kwenye rimu nikaning'iniza minyororo mibovu ya baiskeli pande zote, kama shanga za mlangoni. Chini yake tukafunga vikapu virefu ambavyo wavuvi wa Lokandu wanategea samaki. Sahani ikipiga minyororo inachoka, inaanguka ndani. Unaukumbuka ule mlio. Nadhani ndiyo kazi ya mikono yangu niliyoipenda kuliko zote, na haikuwa na gurudumu hata moja linalozunguka.

Tulibishana juu ya umbali. Mimi nilitaka vikapu viwe mbali, tena kimoja kiwe karibu na mteremko wa mto, mchezo upate heshima. Mwalimu akakataa. Cha kwanza akakiweka hatua kumi na tano tu kutoka mahali pa kuanzia. "Mtu aonje kufaulu kwanza," akasema. "Atakayeanza kwa kushindwa hatarudi kesho."

"Lakini hii ni rahisi mno, Mwalimu."

"Magumu yapo mengi tayari, fundi."

Kwa hiyo vikapu vyote vikawa vya kumkaribisha mtu. Hakuna kichaka, hakuna maji. Cha tisa tu ndicho kilikuwa na mparachichi mbele yake, na ilikubidi uamue kupita kushoto au kulia. Wiki ya pili bibi wenye vifimbo walikuwa wanatupa. Mama yako, ambaye hajawahi kukimbilia mpira, aliingiza cha nne kwa mtupo mmoja akafunika uso kwa kitenge kwa haya. Watu waliuita mchezo huo "sahani" tu. Unakwenda wapi? Nakwenda sahani.

Sasa wewe. Ulikuwa unatupa vibaya. Sahani ilisimama wima hewani, ikabingirika majanini kama sufuria iliyodondoka. Mimi nilisimama nyuma yako nikisema geuza bega, usikaze mkono, tazama kikapu, kwa nini hukutazama kikapu. Nilisema hivyo Jumamosi nne, na kila Jumamosi ulizidi kuharibu. Siku moja Mwalimu Pita akanishika mkono akanipeleka kunywa maji ambayo sikuwa na kiu nayo. Tuliporudi ulikuwa umeingiza kikapu cha kwanza, peke yako, hakuna aliyeona. Ulituambia "Imeingia" na sauti yako haikuwa kubwa. Hapo nilipaswa kujifunza kitu juu yako na juu yangu. Nilijifunza nusu. Niliacha kukufundisha kutupa, lakini nilibaki nikiamini kwamba baba akiwepo, mambo ya mtoto yanapita mkononi mwake kwanza.

Ukiwa na miaka kumi na moja ulinishinda. Nikasema ni upepo. Ulinitazama, ukatazama majani ya mparachichi ambayo hayakutikisika, ukasema, "Ndiyo, baba." Ulikuwa mtoto mpole. Namna hiyo ya upole inamdanganya mzazi. Anadhani amesamehewa, kumbe amevumiliwa tu.

Mwalimu Pita alipomaliza mkataba wake alituachia sahani zote. Zilipopasuka tulikata nyingine kutoka matako ya mapipa ya plastiki, nzito kidogo, lakini zilikwenda. Na ndipo alipokuja Citoyen Mutambala, "raia" kama serikali inavyotaka tuitane.

Ulimfahamu kwa macho ya mtoto, kwa hiyo nikueleze jinsi sisi wakubwa tulivyomwona. Alikuwa mkuu wa mtaa wetu, mtu wa chama. Abakosti yake, ile suti ya chama isiyo na tai, haikuwa na kunjo hata mwisho wa siku. Alikuwa na daftari mfukoni, na hakuna aliyejua linaandikwa nini. Siku aliyoingia bustanini mara ya kwanza, watu walikusanya sahani na kuzificha chini ya kanga. Kulikuwa na maneno kwamba mchezo wa Wazungu hauna nafasi katika nchi inayotafuta asili yake. Tulidhani amekuja kung'oa nguzo. Alisimama, akatazama, akamwambia Mama Zaina, "Mama, nipe moja." Akatupa. Sahani ikaenda nyuma yake.

Hakuna aliyecheka. Akatupa tena. Kikapu cha kwanza, hatua kumi na tano, kilimchukua mitupo minane. Na Mama Zaina, mdomo wake unaujua, akasema mbele ya wote, "Citoyen, mara munane! Na kikapu iko karibu kama kitanda na mulango!"

Tuliganda. Yeye akacheka. Alicheka kwa sauti nyembamba, kama kitu kisichotumika siku nyingi. Tangu siku hiyo alikuja kila Jumamosi baada ya Salongo, na kwa sababu alikuja, hakuna aliyezungumza tena habari za kung'oa nguzo.

Ungefikiri nilimpenda. Nilimwogopa. Kibanda changu kimekaa kwenye ardhi ya barabara, unajua, na kila mwaka anapita mtu na karatasi kusema kitabomolewa. Na rafiki yangu Ramazani, fundi mwenzangu wa upande wa pili wa barabara, aliwahi kuitwa ofisini kwa ajili ya utani alioutoa mahali pa kunywea. Alikaa ndani siku nane. Aliporudi hakuwa na jeraha, lakini hakutania tena. Ramazani, aliyekuwa anachekesha hadi wafiwa! Ninapokuambia niliogopa, hofu yangu ilikuwa na uso wa Ramazani. Sisemi hivi ili unihurumie. Nataka tu ujue ilitoka wapi.

Ikaja ile Jumamosi ya mashindano. Ulikuwa na miaka kumi na mitatu. Walikuja watu wa mitaa mingine, wakubwa wa ofisi wakaketi kwenye viti vya saruji, na zawadi ilikuwa mbuzi mweupe aliyefungwa kwenye nguzo ya kikapu cha pili, akila majani kana kwamba mashindano hayamhusu. Mimi nilikuwa mwandishi. Nilishika kibao na chaki, kwa sababu nguzo ni zangu na kila mtu aliniamini kwa hesabu. Watu walikuwa wananiamini, Mwavita. Hata sasa nikiandika neno hilo linaniuma.

Kufika kikapu cha tisa mlibaki wawili mbele ya wengine, wewe na Citoyen Mutambala, na hesabu yenu ilikuwa sawasawa. Alikuwa amejifunza miaka hiyo, hakuwa mbaya tena. Alitupa kwanza. Ya kwanza ikagonga mparachichi, ya pili ikamrudisha njiani, ya tatu ikapita, ya nne ikaingia. Minne.

Wewe ulivua kandambili ukasimama miguu mitupu. Mtupo wa kwanza uliupeleka kushoto mwa mti, wa pili ukaushusha hatua nne kutoka kwenye kikapu, wa tatu ukalia katika minyororo. Mitatu. Watu wakapiga kelele. Na katikati ya kelele niliona wakubwa kwenye viti hawapigi makofi. Walikuwa wanamtazama Mutambala ili wajue kama wanaruhusiwa.

Mkono wangu uliandika nne kabla kichwa hakijafika. Nikaita, "Mwavita, ine! Wako sawa! Watarudilia kikapu ya tisa!"

Ulikuja mpaka karibu yangu. Hukupaza sauti, ulisahihisha hesabu tu. "Baba, njo tatu."

"Ni ine. Umehesabu mubaya."

"Ya kwanza kule ku muti. Ya pili pale. Ya tatu imeingia. Njo tatu, baba."

Nami nikasema, mbele ya mtaa mzima, "Mutoto hamuambie mukubwa kama amekosa."

Nimeyarudia maneno hayo mara nyingi kuliko sala. Ulinitazama kidogo. Ukainama, ukaweka sahani majanini taratibu, ukaenda kwa Citoyen Mutambala ukampa mkono kwa mikono miwili kama ulivyofundishwa, ukachukua kandambili zako ukaenda nyumbani. Asiyetupa ameshindwa. Mbuzi akawa wa Mutambala. Aliishika kamba kama mtu aliyepewa mtoto wa wengine amshike kidogo.

Jioni mama yako aliweka ugali mezani akaniuliza, "Mutoto alitupa ngapi?"

"Ine."

"Amisi," akasema, "mimi nilikuwa pale." Kesho yake Mutambala alimchinja mbuzi na kutuletea mguu. Nilikula. Wewe ulikunywa maji, ukasema umeshiba, ukatoka.

Hukunivunjia heshima hata siku moja. Jambo baba, usiku mwema baba, chakula iko tayari baba. Lakini hukurudi bustanini, na ulipokuwa unanieleza habari za shule, zilianza kuwa fupi. Nikajiambia ni umri. Wasichana wakifika kumi na tatu wanakuwa hivyo. Mtu mwenye kosa ni fundi hodari wa sababu.

Baada ya wiki tatu Citoyen Mutambala alikuja karakana. Alisema breki zake ni mbovu. Nikazitazama, zilikuwa nzima. Akaketi juu ya sanduku la vyombo, abakosti na yote. Halafu akasema:

"Fundi, ile siku mutoto wako alitupa mara ngapi?"

"Ine, Citoyen."

"Mimi nilisimama nyuma yake. Niliona tatu."

Nilishika breki ile iliyokuwa nzima, nikaanza kuifungua.

"Nani alikuambia unisaidie?"

"Hakuna muntu, Citoyen."

"Mimi nilikuambia? Nilikutumia muntu? Nilikuangalia mubaya?"

"Hapana, Citoyen."

"Basi ulifikiri nitafanya nini?"

Nilikuwa nimetafuta jibu hilo wiki tatu, na kila nilipochungulia nilikuta patupu. Hakuwa amenitisha. Niliinama kabla hajanyoosha kidole.

Akasema, "Ku buro yangu, nikisema mvua inakuja, watu wote wanafungua mwavuli, na jua iko kali. Mimi sijui tena nani ananiambia kweli. Kule bustanini Mama Zaina alinipigia kelele, mara munane, mara munane! Ile siku nililala muzuri. Unasikia, fundi? Ilikuwa fasi moja tu, ile bustani, katika Kindu yote. Na wewe umeniondolea."

Nilimtazama, nikaona kwa mara ya kwanza kwamba alikuwa mtu aliyechoka, wa umri wangu. Lakini usifikiri nasema hapakuwa na sababu ya kumwogopa. Alikuwa na daftari lile, na Ramazani alikuwa amekaa siku nane. Yote mawili yalikuwa kweli, hofu yetu na upweke wake, na yalikaa ndani ya abakosti moja.

Alipoinuka akasema, "Mwambie mutoto."

"Nitamwambia."

Sikukuambia. Miezi michache baadaye alihamishwa kwenda Kasongo, na neno nililompa likabaki halina wa kulidai. Nilikuwa nakuambia kesho. Kesho ilikuwa siku ya mtihani wako, au ulikuwa na homa, au ulikuwa na furaha nikaogopa kuiharibu. Mara moja nilifika mpaka mlangoni mwa neno hilo. Ulikuwa unanisaidia kunyoosha gurudumu, tuko wawili tu. Nikasema, "Mwavita." Ukainua kichwa, ukasema, "Baba?" na uso wako ulikuwa wazi kabisa. Nikasema, "Nipe spana." Ukanipa. Gurudumu lile halikuhitaji spana.

Na mchezo ukafa. Wewe huenda hukuona, maana ulikuwa hupiti tena njia hiyo. Baada ya siku ile kila mtu alianza kuja na shahidi wake wa kuhesabu, na mashahidi wakaanza kugombana. Mume wa mtu fulani alimwita mwenzake mwizi kwa ajili ya kikapu cha tatu. Bibi wenye vifimbo waliacha kwanza. Halafu nguzo zikaanza kuinama na mimi, mwenye nyundo, sikwenda kuzinyoosha. Mwalimu Pita alikuwa ameijenga bustani ile isimtishe mtu. Mimi ndiye niliyeingiza hofu ndani yake, kwa chaki.

Unakwenda kusomea ualimu wa hesabu. Mungu ana namna yake ya kutania, hata kama Ramazani aliacha. Utasimama mbele ya watoto ukiwaambia tatu ni tatu, na siku moja atakuja mkubwa, au mtoto wa mkubwa, na utasikia mkono wako unataka kuandika wenyewe. Sitakuambia usiogope. Mimi niliogopa na bado naogopa, na katika nchi hii asiyeogopa kitu hajatoka nje. Ila iulize hofu yako imetumwa na nani. Yangu haikutumwa na mtu, na niliitii mpaka ikanigharimu wewe. Na kama umekwisha kuandika, basi futa siku hiyohiyo, wakati chaki bado mbichi. Miaka mitano nimejaribu kufuta, na naona inazidi kukauka tu.

Barua yako ya kukubaliwa chuoni ilipofika Jumatatu, mama yako alipiga vigelegele na mimi nilikwenda nyuma ya nyumba nikalia. Alinifuata. Nikamwambia, "Njo tatu. Alitupa tatu." Akasema, "Hilo mimi niko najua. Si mimi wa kuambiwa." Lakini alinishika bega.

Basi wiki hii nimezunguka. Nilikwenda kwa Mama Zaina kwanza, nikamwambia mbele ya wateja wake. Akageuza mandazi mawili kabla ya kunijibu. "Fundi, sisi wote tulijua. Tulikuwa tunakungojea. Ulikawia sana." Akanipa andazi, na lilikuwa la moto, na sikujua kama ni adhabu au ni karibu. Citoyen Mutambala nimemwandikia Kasongo, karatasi moja, nimeituma kwa dereva wa lori la mfanyabiashara mmoja wa Kivu. Jibu halijaja na huenda halitakuja. Halafu nilivuka barabara kwa Ramazani. Alinisikiliza mpaka mwisho akiwa ameshika gurudumu. Kisha akasema polepole, "Kumbe mbuzi ilikuwa ya Mwavita. Na wewe ulikula mguu yake." Tulitazamana. Akaanza kutikisika mabega, mimi nikadhani analia, kumbe anacheka. Miaka mingapi! Tulicheka mpaka mteja wake akaondoka na baiskeli ambayo haijakwisha.

Umebaki wewe. Ulipaswa kuwa wa kwanza, na nimekufanya wa mwisho, kwa sababu ni kwako tu nilikokuwa na cha kupoteza. Nilipanga kuificha barua hii chini ya nguo zako, uikute ukiwa umekwisha kupita Kibombo, mahali ambapo huwezi kunitazama. Naandika sentensi hiyo na naona jinsi ilivyo. Nasikia geti.

*

Saa kumi na moja na nusu.

Ulikuwa ni wewe, na mkungu wa ndizi wa shangazi kichwani. Unajua yaliyotokea, ulikuwepo, lakini nitayaandika.

Ulitua ndizi ukaniuliza, "Baba, unaandikia nani?" Nikafunika karatasi kwa mkono kama mwanafunzi. Halafu nikauondoa mkono. Nikasimama, nikakuambia kwa mdomo. Sikusema vizuri kama nilivyoandika. Nilisema, "Ilikuwa tatu. Ulitupa tatu na mimi nilijua ni tatu. Nilisema uongo mbele ya watu, na nikakufanya wewe mwongo. Unisamehe, mama." Nilikuita mama, maana jina lako ni la mama yangu, na nilihisi nawaomba nyote wawili.

Uliketi juu ya sanduku lako. Ukaanza kuchuma ndizi moja moja na kuzipanga sakafuni. Kisha ukasema:

"Nilikukasirikia mwaka muzima, baba. Kisha nikazoea. Nikasahau namna ya kuacha."

Nikakuambia huna deni la kuacha leo.

"Mbuzi sikuitaka," ukasema. "Nilitaka tu uniangalie. Wakati nilisema njo tatu, wewe uliangalia kibao. Hukuniangalia mimi."

Nilikuangalia basi. Ulikuwa unalia bila sauti, na mimi pia, na mama yako aliingia na samaki wake, akatuona, akarudi nje akasimama uani mpaka tulipomaliza. Mke wangu ana akili.

Ulipoosha uso nilichukua karatasi hizi nikataka kuzichana. Nilisema hazina kazi tena, mdomo umekwisha kuzitangulia. Ukanishika mkono. Ulisema maneno ambayo nayaweka hapa kama ulivyoyasema, kwa sababu yananitosha mpaka utakaporudi:

"Maliza, baba. Kule Lubumbashi mdomo yako haitakuwako."

Nimemaliza.

Baba yako,
Amisi